Mwenye Shamba na Mwenye Minazi: Uhakiki wa Swali la Hakimiliki katika Filamu za Zamani

Katika visiwa vya Unguja, Pemba na Mafia imekuwa desturi ya tangu zamani kwamba ardhi yaweza kuwa ya mtu mmoja, na minazi iliyopandwa juu yake ikawa ya mtu mwingine. Mgeni anunuaye shamba bila ya kuuliza habari za miti huweza kujikuta amenunua udongo tu. Na siku ya kuangua nazi humwona mtu asiyemjua amekuja na wakwezi wake, wala hana neno la kumjibu. Desturi hiyo haikuwekwa kwa ajili ya senema, lakini yalieleza vizuri, kuliko vitabu vingi vya sheria, swali linalowasumbua wote wanaoshughulika na filamu za zamani: je, filamu fulani ingali katika hakimiliki, ama imekwisha kuwa mali ya umma?

Swali hilo huulizwa kila siku kana kwamba filamu ni kitu kimoja chenye mwenyewe mmoja, na kana kwamba jibu lake ni ndiyo au siyo. Yumkini sehemu ya kosa imo katika neno lenyewe. Hakimiliki limeungwa kwa haki na miliki, yote mawili yenye asili ya Kiarabu. Na neno miliki humpa msikiaji sura ya kitu chenye mipaka, kama nyumba au kiwanja, ambacho mtu hukishika na kumrithisha mwanawe. Lakini kile ambacho sheria hutoa si kitu. Ni uwezo wa kuwazuia watu wengine, kwa muda uliowekwa, wasinakili, wasionyeshe na wasitafsiri kazi ya mtu bila ya idhini yake. Na uwezo huo hauishikilii filamu yote kwa fundo moja. Huishikilia hadithi iliyoandikwa kwanza, na maandishi ya mchezo yaliyotokana na hadithi, na muziki, na picha zenyewe, kila kimoja kwa hesabu yake. Kwa hiyo hukumu ya kwamba filamu ni mali ya umma si hukumu moja bali ni hukumu nyingi zilizofungwa katika sentensi moja, na mtu aitamkaye kabla ya kuzitenga amesema maneno matupu.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote hupatikana katika filamu za Marekani. Sababu yake ni kwamba sheria ya nchi hiyo, kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, haikumpa mwenye kazi haki yake bure. Ilimtaka aandike. Chini ya sheria ya mwaka 1909, kazi iliyotolewa kwa watu ilikingwa kwa miaka 28, na mwenyewe akiomba katika mwaka wa 28 aliongezewa miaka 28 mingine. Masharti yalikuwa mawili: kwanza, kila nakala iwe na ilani ya hakimiliki iliyoandikwa kwa namna iliyoamriwa, pili, ombi la kuhuisha haki lifike katika Ofisi ya Hakimiliki mjini Washington kabla ya muda kwisha. Aliyekosa sharti la kwanza alipoteza kazi yake siku ile ile ilipotoka. Aliyekosa la pili aliipoteza baada ya miaka 28.

Baadaye masharti hayo yalilegezwa kidogo kidogo. Sheria mpya iliyoanza tarehe 1 Januari 1978 ilirefusha muda wa pili, hata jumla ikawa miaka 75. Sheria ya mwaka 1992 iliwaondolea wenye kazi zilizotolewa tangu 1964 hadi 1977 taabu ya kuomba. Na sheria ya mwaka 1998 iliongeza miaka 20, jumla ikawa 95. Ilani nayo haikuwa lazima tena kwa kazi zilizotoka tangu tarehe 1 Machi 1989. Hesabu ya muda hufika mwisho wa mwaka, na kwa hiyo filamu za Marekani za mwaka 1928 zilizokuwa zimelindwa vilivyo zilitoka katika hakimiliki ya huko tarehe 1 Januari 2024. Lakini malegezo hayo hayakuwafufua waliokwisha kufa. Filamu iliyopoteza haki yake kwa kosa la ilani mwaka 1963, au kwa kukosa kuhuishwa mwaka 1974, haikurudishiwa kitu kwa sababu tu ya sheria za baadaye kuwa na huruma zaidi.

Msomaji aliyezoea hati za tenzi za zamani hataona jambo hili kuwa geni sana. Watunzi wengi wa pwani walikuwa na desturi ya kutaja, katika beti za mwisho, jina lao, na pengine mji wao na tarehe ya kutunga. Hati iliyopotewa na ukurasa wake wa mwisho huwapa wachunguzi kazi ya miaka mingi. Hata hivyo, tofauti ni kubwa. Utenzi uliopotewa na jina la mtunzi hubaki utenzi wake, na mchunguzi anaweza kumrudishia heshima yake kwa ushahidi wa lugha na wa mapokeo. Filamu ya Marekani iliyopotewa na ilani yake kabla ya 1978 haikuwa na mchunguzi wa kuiokoa.

Mfano wa kwanza ni Charade, filamu ya mwaka 1963 iliyoongozwa na Stanley Donen, nao Cary Grant na Audrey Hepburn wakiwa wachezaji wakuu. Mtu akiyatazama maandishi ya mwanzo wa filamu hiyo ataona mwaka umeandikwa kwa tarakimu za Kirumi, majina ya kampuni mbili zenye mali yameandikwa, na hata maneno ya kwamba haki zote zimehifadhiwa yamo. Kinachokosekana ni neno lenyewe la hakimiliki, au ufupisho wake, au ile alama ya herufi C ndani ya duara. Kila msomaji mwenye akili angefahamu maana ya maandishi yale. Lakini sheria haikuuliza kama maana imefahamika. Iliuliza kama neno limo. Neno halikuwamo, na filamu ikawa mali ya umma tangu ilipotoka.

Mfano wa pili ni mchungu zaidi, kwa sababu waliopatwa nao hawakuwa kampuni kubwa. Mwaka 1968 George A. Romero na wenzake wa mji wa Pittsburgh walitengeneza Night of the Living Dead kwa fedha kidogo walizochangishana. Filamu ilipewa kwanza jina jingine, Night of the Flesh Eaters, na ilani ya hakimiliki iliandikwa pamoja na jina hilo katika kibao kimoja cha mwanzo. Jina lilipobadilishwa na msambazaji, kibao kikaondolewa na kipya kikawekwa mahali pake; na katika kipya hapakuwa na ilani. Kuondoa jina kuliondoa mali. Filamu iliyoanzisha namna nzima ya senema za kutisha ilinakiliwa na kuuzwa na kila aliyetaka, na waliyoitunga hawakuweza kumzuia mtu.

Ni rahisi kusema kwamba sheria ya namna hiyo ilikuwa ya kikatili, na katika habari ya Romero ni vigumu kusema vingine. Lakini mhakiki mwadilifu hana budi kukiri upande wa pili. Ilani ilimfaa msomaji: ilimwambia papo hapo nani aombwe idhini na tangu lini. Leo, ambapo haki huzaliwa bila ya neno kuandikwa, kazi nyingi zimelala katika maktaba bila ya mtu kujua mwenyewe ni nani, na hakuna athubutuye kuzigusa. Kosa la sheria ya 1909 halikuwa kudai maneno. Lilikuwa ni kutotoa nafasi ya kuyasahihisha.

Ama filamu inayofundisha jambo lote kwa ukamilifu ni It's a Wonderful Life ya Frank Capra, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mjini New York mwezi wa Desemba 1946. Ilipotoka haikurudisha gharama zake. Mwaka 1974 muda wa miaka 28 ukafika, na ombi la kuhuisha halikupelekwa. Tangu hapo vituo vya televisheni vya Marekani viliona kwamba vinaweza kuionyesha bila ya kulipa, vikaionyesha kila msimu wa Krismasi, mara nyingi kwa siku moja, mwaka hata mwaka. Kizazi kizima kikakua nayo. Filamu iliyokuwa imesahauliwa ikawa miongoni mwa zinazopendwa kuliko zote katika nchi ile, na hapana shaka kwamba uzembe wa mwenyewe ulikuwa na sehemu kubwa katika utukufu huo.

Yafaa kutazama ni hadithi ya namna gani iliyopatwa na mambo hayo. Filamu yenyewe yahusu mali. George Bailey, anayechezwa na James Stewart, huendesha chama kidogo cha kuwakopesha watu fedha za kujenga nyumba, akishindana na tajiri mmoja anayetaka kuumiliki mji mzima. Balaa lake huanza siku amu yake, mzee msahaulifu, anapozipoteza dola 8,000 za chama. Fedha zile zimefungwa ndani ya gazeti, na gazeti limeachwa mikononi mwa tajiri yule yule, naye hunyamaza. Mwisho wa filamu watu wa mji huja mmoja mmoja wakimwaga vijisenti vyao mezani, na kile kilichopotezwa na mtu mmoja kwa kusahau kikarudishwa na wengi kwa mapenzi. Capra hakujua kwamba alikuwa akisimulia habari za filamu yake: kwamba nayo ingepotezwa kwa kusahau, nayo ingeokolewa na watu wengi. Lakini kufanana huko kuna mwisho wake, na hapo ndipo somo lilipo. Katika filamu, tajiri hakuzirudisha zile dola. Katika maisha, mwenye minazi alikuja.

Filamu ya Capra haikutoka hewani. Ilitokana na hadithi fupi ya Philip Van Doren Stern, The Greatest Gift. Stern alipokosa mchapishaji aliipiga chapa mwenyewe, nakala 200, akawapelekea rafiki zake kwa Krismasi ya mwaka 1943. Kampuni ya RKO ilinunua haki ya kuifanya filamu kwa dola 10,000. Hadithi hiyo ilikuwa na hakimiliki yake yenyewe, na hiyo ilihuishwa kwa wakati wake. Muziki uliotungwa na Dimitri Tiomkin nao ulikuwa na habari yake. Kwa hiyo, mwaka 1974, ilipopotea ile ardhi, miti ilikuwa ingali imesimama. Hata hivyo kwa muda wa karibu miaka 20 hakuna aliyekuja kuangua.

Jambo lililogeuza hali lilitoka katika filamu nyingine. Mwaka 1942 Cornell Woolrich alichapisha katika gazeti hadithi aliyoiita It Had to Be Murder, na Alfred Hitchcock akaifanya filamu ya Rear Window mwaka 1954. Woolrich alikuwa ameahidi kwamba wakati wa kuhuisha haki ukifika atawapa wenye filamu muda wa pili pia. Alikufa mwaka 1968, kabla ya wakati huo kufika. Benki iliyosimamia mirathi yake iliihuisha haki ya hadithi, kisha ikamwuzia Sheldon Abend kwa dola 650 na sehemu moja katika kumi ya mapato. Wenye filamu walishika kwamba filamu ni kazi yao mpya na hawana haja ya idhini ya mtu. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kinyume chao, majaji 6 dhidi ya 3: ahadi ya mtunzi ilikufa pamoja naye, na kuendelea kuitumia filamu bila ya ruhusa ya mwenye hadithi ni kuivunja haki ya hadithi. Kesi hiyo huitwa kwa majina ya Stewart na Abend. Stewart huyo ni James Stewart yule yule, mchezaji mkuu wa Rear Window na wa filamu ya Capra, aliyeshitakiwa kwa kuwa alikuwa na sehemu katika umiliki wa Rear Window.

Yasidhaniwe kwamba mahakama ilibuni jambo jipya kabisa. Mwaka 1979 mahakama ya rufani ya Marekani ilikuwa imekwisha kukata shauri la Pygmalion, filamu ya mwaka 1938 iliyotokana na mchezo wa George Bernard Shaw. Wanafunzi wa lugha wanaujua mchezo huo kwa kuwa shujaa wake ni mtaalamu wa fonetiki. Hakimiliki ya filamu ile nchini Marekani ilikoma mwaka 1966 kwa kutohuishwa. Lakini mchezo, ulioandikishwa mwaka 1913, ulikuwa ungali ndani ya kinga yake. Aliyekuwa akiwakodisha watu nakala za filamu alishindwa. Aliuangalia mwaka wa picha, hakuuangalia mwaka wa maneno.

Baada ya hukumu ya 1990 kampuni ya Republic Pictures, iliyokuwa imerithi nafasi ya wenye filamu ya Capra, iliona njia. Ilikuwa na haki ya hadithi ya Stern. Ikanunua na haki ya muziki. Na mwaka 1993 ikavitangazia vituo vya televisheni kwamba uhuru umekwisha. Tangu mwaka uliofuata kituo kimoja tu kilikuwa na idhini ya kuionyesha kote nchini. Picha zenyewe hazikurudi katika hakimiliki. Zilibaki mali ya umma kama zilivyokuwa. Lakini mtu hawezi kuionyesha picha ya George Bailey akisimama darajani bila ya kuisimulia hadithi ya George Bailey. Ardhi ilikuwa ya wote, na hakuna aliyeweza kuikanyaga bila ya kupita chini ya minazi ya mtu.

Jambo la tatu la kutenga, baada ya sehemu za filamu na nyaraka zake, ni nchi. Metropolis ya Fritz Lang, iliyotolewa Ujerumani mwaka 1927, ilipoteza kinga yake nchini Marekani baada ya miaka 28. Kisha, kwa ajili ya mapatano ya biashara baina ya mataifa, Marekani iliwarudishia watunzi wa nchi za nje haki nyingi za namna hiyo kuanzia mwaka 1996, na mwaka 2012 Mahakama ya Juu ikakubali kwamba kufanya hivyo hakukuvunja katiba. Hivyo filamu iliyokuwa huru ilifungwa tena, ikafunguliwa mara ya pili tarehe 1 Januari 2023. Huko Ujerumani hesabu ni nyingine. Huko muda hufuata maisha ya watu: mwongozaji, mwandishi wa mchezo, mwandishi wa mazungumzo na mtunzi wa muziki, kisha miaka 70 baada ya kifo cha wa mwisho wao. Lang alikufa mwaka 1976; kwa hiyo kinga huko ni hadi mwisho wa mwaka 2046. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 nayo haikufuata njia ya Marekani wala ya Ujerumani, bali iliwapa watengenezaji wa filamu miaka 50. Sentensi moja, juu ya filamu moja, yaweza kuwa kweli New York na uwongo Berlin kwa saa ile ile. Msemaji asiyetaja nchi hajasema jambo linaloweza kuhakikiwa.

Tena liko swali la nakala. Mtu hashiki filamu kwa jumla. Hushika nakala fulani. Filamu ya kimya ya zamani sana yaweza kuwa huru, na muziki uliotungwa juzi kuisindikiza usiwe huru. Maandishi ya tafsiri yaonekanayo chini ya picha ni kazi ya mtafsiri, yenye hesabu yake ya miaka. Hata rangi zilizotiwa baadaye juu ya picha zisizo na rangi zilikubaliwa na Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani mwaka 1987 kwamba zaweza kuandikishwa. Wanaochapa hati za kale wanaijua kanuni hii: utenzi ni wa wote, lakini sherehe na maelezo ya mhariri ni ya mhariri.

Basi mtafiti aulizwaye juu ya filamu ya Marekani na afuate utaratibu. Kwanza, athibitishe mwaka na nchi ambako nakala zilitolewa kwa watu. Hapa neno la Kiswahili kutolewa linahitaji hadhari, kwa kuwa hutumika kwa filamu iliyoonyeshwa na kwa filamu iliyosambazwa, hali sheria ya 1909 haikuhesabu kuonyesha peke yake kuwa ni kutoa. Pili, ayasome maandishi ya mwanzo na ya mwisho katika nakala ya asili, si katika nakala iliyokatwa na muuzaji wa baadaye. Tatu, ikiwa filamu ni ya 1963 au kabla yake, atafute katika daftari za Ofisi ya Hakimiliki kama ilihuishwa, tena atafute kwa kila jina iliyowahi kuitwa. Nne, aulize habari za hadithi, mchezo au kitabu kilichotangulia, na habari za muziki. Tano, ikiwa filamu ni ya nchi nyingine, aitazame ile amri ya kurudishiwa haki. Sita, aseme jibu lake ni la nchi gani na la nakala ipi.

Utaratibu huu una maana kwa wenye lugha ya Kiswahili pia. Mjini Dar es Salaam na Nairobi, kama Kampala, wamo watu waliojipatia sifa kwa kutia sauti zao juu ya filamu za kigeni, wakizisimulia kwa lugha ya watazamaji wao, wakiongeza mizaha na methali ambazo mtunzi wa kwanza hakuziota. Kazi hiyo ni sanaa, na siku moja wachunguzi wa lugha watajuta kutoihifadhi. Lakini kutafsiri ni mojawapo ya mambo ambayo mwenye hadithi ana uwezo wa kuyazuia. Chuo kitakachotaka kuweka sauti ya Kiswahili katika filamu ya zamani, kikaambiwa tu kwamba ni mali ya umma, kitakuwa kimejengwa juu ya udongo ambao miti yake haikuhesabiwa. Na kinyume chake ni hasara vile vile: hofu isiyo na uchunguzi imeacha filamu nyingi zilizo huru kabisa zikikaa gizani, kwa kuwa mtu mmoja alisema yumkini zina mwenyewe, na hakuna aliyefungua daftari.

Wa Mafia wanaponunua shamba hawaulizi tu shamba ni la nani. Huzunguka na muuzaji mti kwa mti mpaka hesabu ikamilike. Ni kazi ya asubuhi nzima, lakini atakayeifanya hatakuwa na neno na mtu siku ya kuangua.